Mkono wa Kushoto wa Kapteni

Kapteni hakuwa kapteni wa jeshi wala wa timu ya mpira. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hao wakishakubandika jina limeganda, hata uende kulalamika kwa mkuu wa chuo. Kazi yake hasa ilikuwa urubani wa ndege ndogo. Alibeba dawa, magunia ya barua, wajawazito waliozidiwa, na siku moja mbuzi wawili waliomchafulia ndege nzima, kisa ambacho mkewe alikisimulia kwa wageni miaka na miaka. Kampuni ilipofunga milango akaja chuoni kufundisha. Chuo kikamkabidhi ndege yake moja ya viti viwili, iliyochoka lakini nzima, pamoja na vijana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi.

Chuo chenyewe, jamani, kilikuwa na mambo yake. Kila anayeingia, awe anataka uhasibu au ualimu, lazima kwanza apite kwenye kozi tatu za utangulizi: kuchora, elimu ya nyota, na urubani. Asubuhi unachora birika, mchana unajifunza kwa nini ndege haianguki, jioni unapanda juu ya paa kutazama mwezi. Mwisho wa muhula ndipo unachagua unachoendelea nacho. Wazazi waliuliza kama hicho ni chuo au chekechea, na mkuu wa chuo alikuwa na jibu moja tu, kwamba mtu ajifunze kutazama, mengine yatamkuta njiani. Kama hiyo ilikuwa busara au uhaba wa walimu, tuwaachie wenyewe.

Mwalimu wa kuchora alikuwa shemeji yake Kapteni, mdogo wa mkewe, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa mkaa wa kuchorea hata siku za sikukuu. Huyu alikuwa na shida ya kupata mtu wa kuchorwa. Hakuna mwenye akili timamu anayekubali kukaa kitako muda wote wa kipindi bila kujikuna, tena akitazamwa na darasa zima kama maiti inayotambuliwa. Basi akamshika shemeji yake. Kapteni akagoma kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akakubali, akawa anakuja na koti lake la zamani la urubani, lile lenye vifungo vya shaba. Mwalimu alimketisha kwenye kiti karibu na dirisha kubwa, mikono juu ya magoti, akachora kwa chaki kuzunguka viatu vyake na miguu ya kiti, ili hata akiinuka kujinyoosha arudi palepale alipokuwa.

Kapteni aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali. Alijisifu nyumbani kwamba kukaa bila kutikisika ni kipaji, na kwamba yeye alizaliwa nacho. Mikono yake ilikuwa na sifa tangu zamani. Abiria walisema alikuwa anatua na kikombe cha chai kisimwagike, na yeye hakuwakatalia hata mara moja.

Siku ya kubandika michoro ukutani ilipofika, alizunguka akiitazama mmoja mmoja kwa dharau ya kirafiki. Huyu amemfanya mnene, yule amempa pua ya mtu mwingine kabisa. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera. Michoro yote, ya wanaojua na ya wasiojua, ilikuwa imekosea mahali pamoja. Mkono wa kulia ulikuwa mkono. Wa kushoto ulikuwa mistari juu ya mistari, au umefutwafutwa ukabaki doa la kijivu. Mmoja tu ndiye aliyeuchora wazi, na huyo aliuchora mara tatu, vidole juu ya vidole, kama mikono mitatu iliyolaliana. Mchoraji alikuwa binti mmoja aliyeitwa Kimya, na kwa nini aliitwa hivyo sidhani kama unahitaji kuelezwa.

Kapteni akauliza kama ule ni mkono au feni. Darasa likacheka, Kimya akainamisha kichwa. Shemeji yake hakucheka. Yeye siku zote alikuwa akiwapigia kelele wanafunzi kwamba wachore wanachokiona na si wanachokijua, na sasa alisema kwa sauti ya chini, huku akijifanya anapanga penseli, "Wamechora walichokiona, shemeji."

Tangu siku ile, bila maelezo yoyote, akawa anamwambia aweke mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Alisema unapendeza zaidi hivyo.

Usidhani Kapteni alikuwa mjinga. Alikuwa anajua, na hapo ndipo ulipokuwa uchungu wenyewe. Baba yake alikuwa fundi saa, na kwake ugonjwa ulianza na kidole gumba cha kushoto kikisuguana na cha shahada, taratibu, kama mtu anayeviringisha punje ya mchele. Baadaye mkono mzima. Baadaye sana, mtu aliyekuwa akishika vipuri visivyoonekana kwa macho ya kawaida alikuwa analishwa uji na watoto wake, na Kapteni mwenyewe ndiye aliyekuwa akishika kijiko. Kwa hiyo alipoiona ile punje ya mchele kati ya vidole vyake, hakuhitaji mtu wa kumwambia ni kitu gani.

Ila ugonjwa huu una hila yake, na hila hiyo ndiyo aliyoikumbatia. Mkono wake ulitetemeka ukiwa umepumzika tu. Akiupa kazi, unatulia. Mkewe akimpa sindano amtungie uzi, uzi unapita mara ya kwanza. Daktari wa kuwapima marubani alimwambia anyooshe mikono mbele, ikanyooka imetulia tuli, akagongewa muhuri akaenda zake. Akishika usukani wa ndege, mkono ulikuwa ule ule wa ujanani. Basi akajiwekea hesabu yake: mkono haupumziki hewani, hewani ni kazi tupu, kwa hiyo hewani hana tatizo. Uliofaa kukatazwa ulikuwa mkono wa kwenye kochi, na kochi haliangukii watu. Mkewe alimsikiliza, hakubisha. Ila siku hizi kikombe chake cha chai kilikuja kimejazwa nusu, na Kapteni hakuwahi kuuliza kwa nini.

Jioni moja alipanda juu ya paa kumtembelea mwalimu wa nyota, bwana mnene mcheshi ambaye wanafunzi walimwita Mbalamwezi kwa sababu ya upara. Darubini ilikuwa imeelekezwa Zohali, na vijana walipanga foleni wakiwa wameficha mikono nyuma ya mgongo. Ndiyo sheria ya pale, mtu asiiguse darubini, kwa kuwa mguso mdogo tu hapa chini, huko juu sayari inaruka nje ya kioo. Kapteni alikuwa amesimama pembeni akipiga soga, mkono umeegemea kwenye mguu wa darubini bila yeye kujijua. Aliyekuwa akichungulia akalalamika kwamba ile sayari inacheza. Wa pili naye akasema inacheza. Mbalamwezi akauliza nani anatikisa jamani, akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye ule mkono, halafu yakaondoka upesi kama yaliyoona mtu anaoga. Akasema ni upepo.

Hakukuwa na upepo. Kapteni akaushusha mkono, akauingiza mfukoni, akawaaga wote kwa heshima na kuteremka.

Sasa turudi kwa Kimya. Binti huyu alikuja chuoni kwa ajili ya ndege tu. Mama yake mdogo, aliyemlea, alitaka asome uhasibu akae ofisini kama watu, na wakabishana muda mrefu, yaani mama mdogo alibishana na binti akanyamaza, mpaka mama mdogo akachoka. Darasani kwa Kapteni kulikuwa na kiti na paneli ya vipimo vilivyong'olewa kwenye ndege mbovu na kusimikwa juu ya mbao. Wenzake walipiga picha humo wakacheka wakatoka. Yeye alikaa humo vipindi vilivyokwisha, miguu kwenye pedali zisizovuta kitu, akigeuza usukani usiopeleka popote. Kapteni alimwona mara nyingi kupitia mlango na hakumsemesha. Alijua anachotazama, maana hata yeye alianza hivyo, kwenye kiti cha jikoni na mfuniko wa sufuria.

Kila mwanafunzi alipata safari moja na Kapteni karibu na mwisho wa muhula. Kabla ya hapo aliwafundisha desturi ya kukabidhiana, ambayo marubani hawaichezei. Anayetoa usukani anasema "Shika." Anayepokea anasema "Nimeshika." Aliyetoa anathibitisha, "Umeshika," na hapo ndipo anaachia. Maneno matatu, ili isitokee hata kidogo wakati ambapo wawili wameshika au hakuna aliyeshika. Aliwarudisharudisha mpaka wakawa wanakabidhiana hata sahani bwenini kwa mtindo huo.

Na aliwaambia jambo lingine, siku ya kwanza kabisa, akijisikia raha na sifa zake. Aliwaambia kwamba wakiwa hewani, mwanafunzi hukaa kushoto na mwalimu kulia, na mwalimu mzuri huweka mikono juu ya magoti mahali inapoonekana. Wakitaka kujua kama wanarusha vizuri, wasimtazame usoni, uso wake ni mwongo. Watazame mkono wake wa kushoto. Mkono ukiwa umetulia, wametulia. Ukianza kuhangaika, wajue wanawaua wote wawili. Wakacheka. Kimya hakucheka, aliandika.

Wengi walipanda wakashuka, na wote walikuwa kama inavyotarajiwa. Huyu anavuta mno, yule anasahau miguu, mwingine alifumba macho. Kwa hao mkono wa Kapteni haukukaa gotini hata dakika. Ulikuwa unaelea karibu na usukani, unagusa, unarekebisha, una kazi, na kwa hiyo ulikuwa umetulia tuli.

Kisha ikaja zamu ya Kimya. Walipofika juu Kapteni akasema shika, binti akasema nimeshika, Kapteni akasema umeshika, akaachia. Na ndege haikujua kwamba imebadilisha mikono. Ilikwenda. Aligeuza kushoto, pua ikabaki pale inapotakiwa, akanyoosha, akageuza kulia. Kapteni alisubiri makosa yaje, hayakuja. Basi kidogo kidogo mgongo wake ukaegemea kiti, akatazama nje, mabati ya paa za nyumba yakimeta chini, barabara, kiwanja cha mpira chenye watoto wadogo kama sisimizi. Muda mrefu alikuwa hajatazama nje kama abiria. Moyo ukamjaa furaha, akasahau kila kitu, na mikono yake yote miwili akaisahau palepale ilipokuwa, juu ya magoti.

Walipotua, binti alishukuru kwa sauti isiyosikika vizuri, akavua mkanda, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Kapteni hakushangaa, si ndiyo Kimya. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe mpaka mkewe akamwambia ale kwanza.

Siku ya pili shemeji yake akamfuata kwenye korido na uso mbaya. Kimya alikuwa amekwisha chagua. Amechagua uhasibu.

Kapteni akamwita. Binti akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma kama aliye mbele ya darubini. Kapteni akamwambia bila kuzunguka kwamba katika vijana wote aliowapandisha hakuna aliyerusha vile, na kwamba huko uhasibu anakwenda kupoteza muda wake na wa hizo hesabu. Binti akamshukuru kwa adabu. Ilikuwa wazi hakuamini hata neno moja.

"Sasa kwa nini?" Kapteni akauliza.

Kimya akaitoa mikono mgongoni, akaitazama.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia tutazame mkono," akasema. "Niliutazama. Ulitetemeka njia nzima. Kila nilipojitahidi zaidi, ulizidi. Sijawahi kumtisha mtu namna ile."

Hapo Kapteni alikuwa na maneno ya kweli mdomoni, yamekwisha iva. Angeyasema, binti angeelewa mara moja. Lakini maneno hayo yakishatoka hayarudi ndani. Rubani anayesema mkono wangu una ugonjwa amejishusha mwenyewe, na hakuna daktari wala muhuri utakaompandisha tena. Alifungua mdomo, akasikia sauti yake ikisema kwamba kule juu kulikuwa na baridi. Binti akaitikia kwa kichwa, ule uitikio wa heshima unaompa mkubwa nafasi ya kudanganya, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakulala vizuri, akawa mkali kwa mambo ya upuuzi, akagombana na redio. Alijaribu njia zote ambazo hazikupita kwenye ukweli. Alimtuma shemeji yake akaseme naye, akamtuma Mbalamwezi. Alifikiria hata kumwendea mama mdogo wa binti, kisha akawaza atamwambia nini mwanamke yule, kwamba mwanao anarusha vizuri ila mkono wangu unasema uongo? Mkewe alimwona anazunguka sebuleni, akamwambia maneno machache tu: kwamba yeye hana la kumshauri, ila anajua mume wake hawezi kula chakula kilichochukuliwa kwenye sahani ya mtoto. Kapteni akakasirika, akatoka nje.

Kipindi cha mwisho cha kuchora kikafika. Alikuja na koti lake la vifungo, akakaa kwenye kiti, viatu ndani ya chaki. Kimya alikuwa safu ya pili, karatasi imebandikwa, mkaa mkononi. Shemeji yake akamwashiria mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama kawaida. Kapteni akauweka. Akakaa hivyo kitambo, mkaa ukikwaruza karatasi chumba kizima. Kisha akauondoa mkono wa kulia, akauteremsha pembeni ya kiti, akaacha wa kushoto peke yake gotini, kwenye mwanga wa dirisha.

Ukaanza. Kidole gumba kwanza, kisha vyote, kisha kifundo. Mikwaruzo ya mkaa ikapungua, ikakoma. Hakuna aliyecheka. Shemeji yake aligeukia ukuta.

"Leo chora huu," Kapteni akasema, na alikuwa anamtazama mtu mmoja tu. "Hapa hakuna ndege. Hakuna anayeniogopesha. Na unauona."

Kimya akainua macho.

"Baba yangu alikuwa nao. Unatetemeka ukipumzika. Ukiwa na kazi, unatulia. Hao wenzako wote niliwarushia mimi, ndiyo maana hawakuona kitu." Akatafuta pumzi kidogo. "Wewe ndiye pekee uliyenipumzisha, binti yangu."

Mkaa wa Kimya ulivunjika mkononi. Alibaki ameutazama ule mkono, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika, kama bomba linalovuja. Kisha akaokota kipande kilichobaki akaanza kuchora, kwa sababu alikuwa ameambiwa achore, na wengine wakamfuata. Walichora mpaka kipindi kikaisha.

Habari ilimfikia mkuu wa chuo kabla ya chakula cha mchana. Hakumlaumu mtu, alikuwa mpole, na upole ule ulimuumiza Kapteni kuliko kelele. Alisema Kapteni ataendelea na kozi yake ya darasani, ubaoni na kwenye paneli ya mbao, kwa kadiri afya itakavyoruhusu. Kuruka, hapana. Kapteni akakabidhi funguo za ndege mezani. Mkono ulipobaki juu yake bila kazi, ziligonga meza mara kadhaa kabla hajaziachia.

Kimya alikwenda ofisini siku ileile akafuta uhasibu, akaandika urubani. Alimwambia na mama yake mdogo, kwa sentensi nzima, jambo ambalo lilimshtua mama wa watu. Na baada ya siku chache akaitwa, akaelezwa kwa masikitiko kwamba urubani haupo. Ndege ipo, wa kuirusha na wanafunzi hayupo, mwalimu mwingine ametafutwa hajapatikana, achague kingine au asubiri, na kusubiri hadi lini hakuna aliyejua. Kwa hiyo Kapteni alimrudishia hamu yake kwa mkono huohuo uliomnyang'anya ndege. Alilifikiria jambo hili kwa kila upande, akatafuta mahali ambapo angefanya tofauti ikawa nafuu kwa mmoja wao, hakupaona.

Alasiri moja alimkuta binti amesimama kwenye uzio wa uwanja, anaitazama ndege ilivyofungwa kamba kwenye mabawa. Kapteni akamwomba mlinzi afungue. Mlinzi akasita, akatazama pembeni, akafungua. Wakapanda, yeye kulia, binti kushoto, kama siku ile. Mlango wake Kapteni ulikataa kufunga, vidole vilivyoanza kuwa vizito havikulishika vizuri komeo, na Kimya akanyoosha mkono juu yake akaufunga. Mbele yao kulikuwa na nyasi na ukuta.

Kapteni akashika usukani. Ukatulia mikononi mwake, umetulia kabisa, mtu angeapa hana tatizo lolote. Akaushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shika," akasema.

"Nimeshika."

Lile neno la tatu lilichelewa. Binti hakumharakisha, alishika tu, macho mbele kwenye ukuta kana kwamba kuna anga.

"Umeshika," Kapteni akasema, akaachia, akairudisha mikono yake juu ya magoti. Wa kushoto ukaanza, na Kimya hakuutazama.